Zoezi la Mwisho

Fundi cherehani hakuwa na diploma, hakuwa na ofisi, wala mtu wa kumbeba. Alikuwa na mdomo wake na majirani waliomwamini, ndipo mkurugenzi wa mji akamwita kusomea uhamasishaji wa jamii.

Siku ya mwisho mkufunzi alibandika ukutani picha kubwa ya mtaa. "Zoezi: washawishini wakazi hawa wahame bila kelele."

Fundi akasogea. Pichani, mlango wa shangazi yake ulikuwa umetiwa alama nyekundu ya kubomolewa.

"Huu si mtaa wetu?"

"Ndiyo maana tulikuita, mama. Wewe watakusikiliza."

"Kumbe mnaninoa niwachinje ndugu zangu!"

"Punguza jazba, mama. Cheti chako hiki hapa."

Alikipokea. Nyuma ya cheti akaandika: "Hatuhami. Njooni mtushawishi wenyewe." Akakitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, akaituma kwa mkurugenzi.