Maneno Usoni mwa Marehemu

Kwenye kioo cha kompyuta, maneno meupe yalikuwa yameukata uso wa marehemu kutoka shavu hadi shavu: LIPIA ADA YA MWEZI.

"Si uliinunua programu hii ya kuhariri video, Kaka Muhsini?" aliuliza Salha, binti wa marehemu.

"Hainunuliwi tena, dada. Hukodishwa kwa mwezi, kama chumba. Kadi yangu ya benki imekataliwa mara tatu, na video nzima nimeihifadhi humo humo."

"Basi wamemfungia mama ndani."

Nje, gari lilikuwa likimsubiri Bi Mwanahawa, dada wa marehemu, aliyefika kwenye arobaini baada ya kuyakosa mazishi. Kabla ya kurudi kwake aliomba jambo moja tu: kumwona nduguye akizungumza.

Muhsini aliifunga programu, akaifungua upya. Kisha akairudisha tarehe ya kompyuta nyuma siku hamsini, ada ilipokuwa bado hai.

"Siku hiyo mama alitupikia," Salha alinong'ona.

Maneno hayakuondoka.

Bi Mwanahawa akaingia, akaketi. Muhsini akaiwasha video; marehemu akaanza kumuusia Salha siku ya harusi yake, kwa sauti safi kabisa. Bi Mwanahawa akakisogelea kioo, akalitia mate pindo la kanga, akaanza kuupangusa uso wa mdogo wake, taratibu, kutoka shavu hadi shavu.