Robo Saa ya Nishiwaki

Nishiwaki aliingia ofisini kwa Bwana Qiu saa nne kamili, akatoka saa nne na robo. Qiu mwenyewe alimsindikiza hadi kwenye lifti na kumwinamia kwa heshima zote.

Kwenye kochi la wageni, Kuwabara alihisi wivu ukimchoma kifuani. Wote wawili walitoka Osaka, kila mmoja na kampuni yake, wakaja Suzhou kugombea zabuni moja: kukiuzia kiwanda cha miavuli cha Qiu cherehani mia mbili. Kuwabara akiikosa, tawi lake linafungwa mwisho wa mwezi.

Hii ilikuwa siku yake ya tano. Kila asubuhi alifika dakika kumi kabla ya miadi, na kila asubuhi Qiu alichelewa saa nzima, akaja anacheka, kikombe cha chai mkononi. Kisha ni kula tu. Samaki, bata, kamba, stori za watoto, stori za mgongo unaomuuma. Kuhusu cherehani, kimya.

Nishiwaki kaheshimiwa mpaka dakika. Yeye Kuwabara anazugwa kwa chai! Roho ilimuuma vibaya sana.

"Mdogo wangu, umewahi tena!" Qiu alimshika bega. "Twende. Leo tunakula kwa mama yangu. Tangu alfajiri anakukandia unga wa maandazi ya nyama."

"Samahani, Bwana Qiu. Na mkataba je?"

"Kwani mkataba una miguu? Hautakimbia. Tukale kwanza!"

Kuwabara aliinama kwa adabu, akasingizia homa, akapanda teksi hadi uwanja wa ndege wa Shanghai. Kuliko ashindwe na Nishiwaki, bora ajitoe mwenyewe. Humo garini aliandika kwenye simu kwamba kampuni yake imejiondoa kwenye zabuni. Akamtumia Qiu, na nakala akaipeleka kwa wakubwa Osaka.

Kwenye foleni ya ndege, mtu aliyesimama mbele yake aligeuka. Nishiwaki! Kuwabara alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hongera sana, Bwana Kuwabara."

"Unanicheka?"

"Nikucheke? Mimi nimemalizwa kwa robo saa. Bwana Qiu kaniomba radhi, kasema ananunua kwako, leo anakupeleka kwa mama yake, kesho mnatia sahihi." Nishiwaki alimtazama kwa mshangao. "Sasa mbona uko hapa?"