Maji ya Rejeta

Silima alichovya kidole ndani ya rejeta, akakilamba kama alivyozoea. Maji yalikuwa ya chumvi.

Alibaki ameinama juu ya injini, mgongo ukimuuma. Hii ilikuwa mara ya tatu mwaka huu kuletewa gari hili kubwa la kifahari, lililoachwa na mwenyewe wakati wa Mapinduzi na sasa likitumiwa na mkubwa wa ofisi. Kwanza breki, kisha giaboksi. Leo oili ilikuwa nyeupe kama tui kwa kuingiliwa na maji, na chumvi ilishakula silinda hedi, kile kichwa cha injini. Vipuri vilikuwa haviji tena, na vikija, kwa bei yake mtu angenunua gari jengine.

“Limeharibika au limeharibiwa?” mkubwa aliuliza, amesimama kando ya gari. “Nambie kweli, fundi. Mtu akichezea mali ya serikali namtia ndani.”

Nyuma yake alisimama dereva, mtu mzima mwenye mvi, ameshika kopo lake la kutilia maji kwenye rejeta. Mifereji ya mjini ilikuwa haitoi maji wiki nzima, na kisima cha karibu ni kile cha mtaa wa Malindi, kando ya bahari. Alilisogeza kopo taratibu nyuma ya mgongo.

Silima alimeza mate, na chumvi ikashuka nayo.

“Uzee tu, ndugu,” alisema. “Gari limechoka.”

Mkubwa akakunja mkono wa shati, akainama, akatia kidole ndani ya rejeta.