Karatasi za Jikoni

Mjukuu alipotokea kwenye simu ya video, Kiingereza chote kikamtoka Bibi kichwani. Na mtoto yule hakujua Kiswahili.

Mwezi mzima Bibi alikuwa akibandika karatasi jikoni, kila kitu na kitenzi chake kwa Kiingereza: fungua dirisha, chemsha maji, osha sufuria. Basi akazunguka na simu, akizisoma kwa sauti kama kamanda gwarideni.

Mtoto akacheka, akakimbia kufungua dirisha la kwao.

"Makubwa, Mama!" mkwe wa Bibi akadakia kutoka nyuma ya mtoto. "Mimi hanisikii hata nikimpigia magoti!"

Mtoto akaelekeza simu kwenye friji yao. Palikuwa na karatasi, herufi za kitoto zimepinda, kwa Kiswahili: "Salimia Bibi."