Abee

"Bonyeza hapo, Mama." Nikashika kidole chake, kile kilichokomazwa na sindano za cherehani, nikakiweka kwenye kinanda cha umeme.

Mama hajatoa sauti tangu afanyiwe upasuaji wa koo. Siku hizi hunigombeza kwa macho tu, na yananitosha.

Albamu yangu nzima ya muziki, ambayo shangazi anasema inanguruma kama friji mbovu, nilikuwa nimeijenga kwa neno moja la Mama. Nililikuta kwenye kanda ya zamani: mimi, mtoto, namwita, yeye, jikoni, anaitika. Nililikata, nikalitandaza kwenye vitufe vyote vya kinanda, kuanzia sauti nzito hadi nyembamba. Sikuwa nimemwambia. Niliogopa atalia.

Akabonyeza.

"Abee," kinanda kikaitika, kwa sauti nzito ya babu mwenye mafua.

Mama akashtuka. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha mabega kisicho na sauti. Akabonyeza kitufe cha mwisho kabisa. Ikatoka sauti ya kitoto. Akasogeza kiti, akainamisha kichwa kama anayetafuta sindano iliyoanguka, akaendelea kubonyeza, hiki, kile, hiki tena. Nikamwacha, nikaenda kuchemsha chai.

Sukari siioni.

"Mama!" nikaita, kwa mazoea tu, nikajiuma ulimi.

Kule chumbani kinanda kikanyamaza. Kisha kwenye spika, si nzito, si ya kitoto, ikaja sauti yake mwenyewe:

"Abee."

Nikabaki nimesimama, kijiko mkononi, maji yakichemka mpaka yanamwagika jikoni.

Nikaita tena.