Bakuli la Bi Mgeni

Kila mlango wa mtaa ule ulikuwa na taa, na ugonjwa ukiingia ndani, taa iliwaka nyekundu yenyewe. Hapo bomba la mtaa lilikataa viganja vya watu wa nyumba hiyo, hata wakauke koo.

Mama yake Mwanatumu alipougua, taa yao iliwaka. Msichana alimpelekea jirani yao, Bi Mgeni, bakuli amtilie maji. Kwa desturi yao, bakuli la jirani halirudishwi tupu. Bi Mgeni alilirudisha limejaa majivu, akilisukuma kwa mpini wa ufagio. "Nuksi yenu ibaki kwenu!" Watoto wa mtaa walicheka, na Mwanatumu hakusahau hata uso mmoja.

Sasa mama alikuwa amepona, ingawa bado hajatoka kitandani, na taa yao ilikuwa imezimika. Jana iliwaka ya Bi Mgeni. Asubuhi hii alikuja mwenyewe, ushungi umemshuka, bakuli mkononi.

"Mwanangu, nisitiri. Riziki wangu anaungua kwa homa. Maji kidogo tu."

"Lete, Bi Mgeni," Mwanatumu alisema kwa adabu zote. Aliupita mtungi uliojaa, akainama kwenye mafiga.

Bi Mgeni alipopokea bakuli lake alilitazama, akalifunika kwa ushungi, akarudi kwake.

"Nani huyo?" mama aliuliza kutoka chumbani.

"Bi Mgeni, mama. Alileta bakuli."

"Hukulirudisha tupu, lakini?"

"Hata kidogo, mama."

"Mungu akuzidishie, mwanangu."

Mwanatumu alikung'uta majivu viganjani. Ng'ambo ya ukuta, Riziki, shoga yake wa kuruka kamba, alikuwa akimwita kwa jina, akiomba maji.