Kovu la Jembe

Wiki nzima picha ya mtu, iliyotumwa kutoka Itebero, ilikuwa ikifunguka kwenye skrini na kukwama kwenye paji la uso. Mama mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Kashuga alilitambua kovu la jembe. "Huyu njo mutoto wangu," alisema, na kila siku akarudi kusubiri uso uliobaki.

Leo Kétsia, fundi wa kompyuta katika ofisi ya kutafuta waliopotea vitani, alichoka kumwona akisubiri. Kompyuta yao moja ya Linux ilibeba mashine pepe kadhaa, kompyuta ndani ya kompyuta, zote zikigombania mlango mmoja wa mtandao, rezo kama wanavyoiita huko. Akaipa mashine pepe iliyopokea picha njia yake yenyewe, moja kwa moja hadi kwenye kadi ya mtandao, kisha akaiwasha upya.

"Sasa itakuja mbio, Mama."

Mama akasimama kufunga kitenge chake vizuri, kama mtu anayekwenda kupokea mgeni.

Picha ikatokea yote kwa mara moja: kovu, macho yaliyofumbwa, pamba nyeupe puani.

Mama alikuwa bado hajazunguka meza kuiona skrini. Kétsia akachomoa waya wa skrini.

"Rezo imekatika tena?"

"Imekatika, Mama."

"Haina shida. Nitarudia kesho. Nilishamufulia shati yake."